Semi trela halikimbizwi, linapitwa: mwongozo kamili wa Blood Bowl kwa kocha wa timu nyepesi

Ukiwa na bodaboda nyuma ya semi trela pale Mlima Nyoka, unajua mambo mawili. Kwanza, lile gari halikuwezi kwa mbio. Pili, likikugusa tu, safari yako imeishia hapo. Bodaboda anayefika Uyole salama si lazima awe mwenye kasi kuliko wote. Ni yule ambaye kila sekunde yuko mahali ambapo tairi haipo.

Nimecheza Blood Bowl na timu nyepesi kwa misimu kadhaa, uani kwetu Mwanjelwa, Mbeya, na sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa nikifungwa kwa sababu moja: nilidhani kasi ni ya kufunga haraka. Sivyo. Kasi ni ya kutokuwepo pale ngumi inapotua. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

Kwa asiyeujua mchezo: Blood Bowl ilitolewa na Games Workshop ya Uingereza mwaka 1986, mbunifu wake ni Jervis Johnson. Ni mpira wa Kimarekani unaochezwa na viumbe vya hadithini, mezani, kwa zamu. Uwanja una miraba 26 kwa urefu na 15 kwa upana. Kila upande unaingiza wachezaji 11, kila kocha ana zamu 8 kwa kipindi, vipindi viwili. Ukiufikisha mpira kwenye mstari wa mwisho wa mwenzako ni tachidauni, ila sisi tunasema goli tu. Namba nitakazotaja ni za toleo la 2020.

Vifaa visikutishe. Uwanja wetu ni boksi la televisheni lililochorwa kwa rula, na wachezaji ni vizibo vya soda kama kwenye drafti, vimepakwa rangi ya kucha. Mchezaji akianguka unageuza kizibo. Akizirai palepale uwanjani unamwekea punje ya harage juu. Dadu ni za ludo. Mchezo una dadu zake maalumu za kugongana, lakini za kawaida zinatosha: 1 anayepiga anaanguka, 2 wote wawili wanaanguka, 3 na 4 anayepigwa anasukumwa, 5 anaanguka isipokuwa ana ujuzi wa Dodge (kukwepa), 6 anaanguka bila mjadala.

Anza na hesabu ya mwili wako

Timu nyepesi ninazozungumzia ni mbili hasa. Wood Elf, ambao mezani kwetu wanaitwa watu wa msitu, maana ukisema "elfu" mtu anadhani unataja bei. Na Skaven, yaani panya. Karibu wote wana deraya ya 8+. Maana yake mchezaji wako akiangushwa, mwenzako anarusha dadu mbili, na jumla ikifika 8 au zaidi deraya imepasuka. Hiyo ni nafasi 15 kati ya 36, kama asilimia 42. Orc wa kawaida, jitu la timu nzito, ana 10+, nafasi 6 kati ya 36, kama asilimia 17.

Deraya ikipasuka zinarushwa dadu mbili nyingine: 2 hadi 7 amezirai palepale, 8 na 9 anatolewa nje mpaka apate fahamu, 10 kwenda juu ni majeruhi. Ukizidisha, kila anguko moja la mtu wako lina asilimia 17 hivi ya kumtoa uwanjani. Anguka mara sita, mmoja ameondoka. Na kama anayekupiga ana ujuzi wa Mighty Blow (kipigo kizito), ile 17 inakuwa 31. Sasa fikiria Orc wanne au watano wakikugonga kila zamu, kwa zamu nane.

Hapa ndipo kanuni moja ndogo inapobeba mwongozo mzima. Mchezaji anaweza kugonga mtu aliye mraba wa jirani naye zamu inapoanza. Kumfuata aliye mbali na kumgonga, yaani kuvamia, kunaruhusiwa mara moja tu kwa zamu kwa timu nzima. Kwa hiyo zamu yako ikiisha na hakuna mtu wako anayegusana na adui, yule jitu na wenzake kumi wana kipigo kimoja. Zamu nane, vipigo nane. Hizo unaweza kuzimudu.

Kila kabla sijasema "nimemaliza", napitisha kidole juu ya vizibo vyangu kimoja kimoja: huyu anaguswa? Huyu je? Kama anaguswa na sikumweka pale kwa makusudi, nimekosea.

Kununua timu

Una vipande 1,000,000 vya dhahabu. Kwa watu wa msitu mimi hununua Wardancer wawili, wapiganaji wanaoruka (250,000), Catcher mmoja, mdakaji (90,000), Lineman wanane, wachezaji wa kawaida (560,000) na marudio mawili ya dadu, yaani ruhusa ya kurusha tena dadu iliyokataa (100,000). Hesabu inafunga kamili. Sina mganga, na hilo linauma mechi mbili za mwanzo, lakini bila marudio timu hii inajiua yenyewe kabla hata hujaguswa. Mganga ndicho kitu cha kwanza kununua mapato yakiingia, 50,000. Na akishapatikana, usimtumie kwa Lineman dakika ya tatu kwa huruma. Anafanya kazi mara moja kwa mechi. Msubirishe Wardancer aumie.

Mpasiaji sinunui mwanzoni. Watu wengi hushangaa: timu ya kurusha mpira bila mrushaji? Lakini kila mtu wa msitu anapokea kwa 2+, yaani dadu moja itoe 2 au zaidi, na kukabidhiana mpira mkono kwa mkono hakuhitaji dadu ya kurusha, ni ya kupokea tu. Mpira unaweza kuhama kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine kwa kukimbia, kukabidhi na kukimbia tena.

Ukichagua panya, usibane kwa Gutter Runner. Bei yao ni 85,000 kila mmoja, mwendo wa miraba 9, na Dodge wanazaliwa nayo. Chukua wote wanne wanaoruhusiwa. Panya wa kawaida ni 50,000 tu, na bei hiyo ndiyo raha ya Skaven: una watu wa kuwatoa sadaka bila kuumia rohoni.

Kujipanga ukiwa unalinda

Kanuni inakulazimisha kuweka watatu kwenye mstari wa katikati, ana kwa ana na adui. Hao watapigwa, hakuna ujanja. Weka walio rahisi kuliko wote, na wasizidi watatu. Nimeona kocha mgeni akiweka saba pale mbele "kuimarisha kiungo". Zamu ya kwanza ilipoisha alikuwa na vizibo vitano vilivyogeuzwa.

Waliobaki nane wanahitaji maelezo. Kila mchezaji anakaba miraba yote 8 inayomzunguka. Adui akitaka kutoka kwenye mraba uliokabwa lazima arushe dadu ya kuchomoka. Uwanja una safu 15 za upana. Mtu aliyesimama safu ya 2 anakaba ya 1 hadi ya 3. Wa safu ya 5 anakaba ya 4 hadi ya 6. Endelea: 8, 11, 14. Watu watano, wakiachana kwa miraba miwili mitupu, wameziba uwanja wote. Hakuna Orc atakayepita bila kurusha dadu, na Orc na dadu za kuchomoka hawapatani.

Waweke hao watano miraba mitatu nyuma ya mstari, siyo mmoja wala miwili. Adui atamvamia mmoja wao na kufungua tundu. Sawa. Ndiyo maana watatu wa mwisho, Wardancer wawili na yule Catcher, wanakaa nyuma zaidi, wakisubiri kuona tundu limefunguka wapi. Hawa usiwapange kwa ulinganifu kama vyungu vya maua mlangoni; wapeleke upande mpira unakoelekea.

Zamu inayofuata wote wanarudi nyuma tena na kujipanga upya, safu zilezile. Unampa ardhi, humpi mwili. Ana zamu nane za kutembea miraba mingi, na kila zamu anapolazimika kupunguza mwendo kukupanga sawa ni zamu uliyomnyima.

Umbali nao una hesabu yake. Orc wa mwendo 5 anaweza kujikaza miraba miwili ya ziada, kila mmoja kwa 2+, na kile kipigo chenyewe kinakula mraba mmoja. Ukiwa miraba 8 kutoka kwake, hakufikii kabisa. Kwa mwenye mwendo 6, iwe 9. Wardancer wako asiye na kazi zamu hii akae nje ya duara hilo, hata kama pale karibu panavutia.

Pembeni mwa uwanja usikae. Mchezaji akisukumwa nje ya mstari wa kando anaangukia kwa mashabiki, nao wanampiga bila hata kuuliza deraya. Inarushwa dadu ya majeraha moja kwa moja. Acha angalau mraba mmoja, na kama ni Wardancer acha miwili.

Kuhusu kupiga mpira wa kuanzia: lenga safu ya 8, mraba wa 7 kutoka mstari wa katikati. Mpira unapotea njia kwa miraba isiyozidi 6, kwa hiyo kutoka pale hauwezi kutua nje ya nusu yake hata upotee vipi. Ikidunda ndiyo inaweza kukusaliti.

Zamu yako: nani atangulie

Mchezaji wako akianguka wakati wa zamu yako, au mpira ukidondoka mikononi mwake, zamu imekufa hapohapo na waliobaki hawachezi. Kila mtu anajua kwamba uanze na wale wasiorusha dadu. Kile ambacho wengi hawakioni ni kwamba timu nyepesi ina dadu nzuri, na dadu nzuri ndizo zinazoleta tamaa.

Chukua mfano. Kuokota mpira 2+, kuchomoka 2+, kukabidhi 2+, kujikaza 2+, kujikaza tena 2+. Kila moja ukiitazama peke yake ni asilimia 83, unaona kama mteremko wa Iwambi. Zikiunganishwa zote tano ni asilimia 40. Ukiwa na rudio moja mkononi inapanda hadi 74 hivi. Kwa hiyo mpango wa dadu tano za 2+ bila rudio ni mpango unaoshindwa mara nyingi kuliko unavyofaulu, na kocha wa watu wa msitu anaufanya kila mechi huku akilalamika kwamba dadu zina gundi.

Mimi najiwekea hivi: dadu mbili bila rudio, nne nikiwa nalo. Zaidi ya hapo ni mpaka iwe zamu ya 8 au goli limeshaonekana.

Kuchomoka kuna bei inayopanda. Ukienda mraba mtupu ni 2+. Mraba unaokabwa na adui mmoja ni 3+, wawili 4+. Tafuta njia ndefu iliyo tupu, mwendo unao. Mara nyingi kuzunguka miraba minne zaidi kunakuokoa dadu moja, na dadu moja ni mtu mzima.

Na kugonga je? Gonga, ila kwa dadu mbili tu, yaani pale nguvu yako pamoja na wasaidizi inazidi yake na wewe ndiye unayechagua dadu, na bora aliye na ujuzi wa Block, ambaye haanguki kwenye ile namba 2. Mtu wako asiye na Block akigonga kwa dadu moja ana theluthi moja ya kuanguka yeye. Kwa dadu mbili ni 1 kati ya 9. Wardancer mwenye Block, dadu mbili: 1 kati ya 36. Uvamizi wako wa kila zamu ni wa Wardancer, na akishapiga ahakikishe hakubaki ameguswa. Ndiyo maana mara nyingi nampigia mtu wa pembeni kabisa wa kundi lao, siyo yule hatari wa katikati.

Tazama hali ya hewa kabla hujapanga lolote. Dadu mbili zikitoa 11 ni mvua kubwa, kila kuokota na kudaka kunapungua kwa moja. Sisi wa Mbeya mvua haitushangazi, lakini kwa timu hii 2+ ikigeuka 3+ ni mchezo mwingine kabisa. Siku hiyo mpira ukishaokotwa, abaki nao mtu mmoja.

Kufunga, na lini usifunge

Wardancer mwenye mwendo 8 anavuka nusu nzima ya adui, miraba 13, kwa zamu mbili bila jasho. Kwa hiyo unaweza kufunga zamu ya 2. Swali ni kama unataka.

Ukifunga zamu ya 2, mnajipanga upya. Watatu wako wanarudi mstarini kupigwa, mwenzako ana mpira na zamu saba za kukusaga huku anasogea polepole. Hivyo ndivyo fundi mmoja wa gereji, jirani yangu, alivyonifunga mara nyingi sana akiwa na Orc wake. Mimi nafunga haraka, nashangilia, nakunywa chai. Yeye anafunga zamu ya 8, na kipindi cha pili naingia na watu saba. "Mwanangu, leo umebaki na wangapi?" Anauliza kila mara, kwa upole kabisa, na vizibo vyangu anavyo mfukoni.

Siku hizi mbeba mpira wangu anafika miraba mitano au sita kutoka mstari wa goli na anasimama. Haingii. Anakaa mahali ambapo zamu ijayo atafunga bila kujikaza, na hakuna adui anayeweza kumfikia bila kupita kwa walinzi wawili. Adui akigeuka kumfuata, wanaacha kunipiga huku nyuma, wasipogeuka, nasubiri. Nafunga zamu ya 7 au 8, au mara tu ninapoona zamu ijayo watamfikia. Hilo la mwisho usilifanyie ubishi: hatari ikionekana, funga. Na kama ligi yenu ina adhabu kwa anayechelewesha makusudi, soma kwanza.

Kuna wakati wa kufunga mapema hata hivyo. Kama adui naye ni mwepesi, Skaven kwa mfano, kuchelewesha hakukusaidii sana. Yeye ana kasi ya kukupora. Na kama watu wako watatu wako nje wamezirai, goli linaleta mpira wa kuanzia, na kila aliye nje anarudi akipata 4+. Nimewahi kufunga kwa ajili hiyo tu.

Kuvunja ngome

Timu nzito zinabeba mpira kwa ngome: mbebaji katikati, walinzi wanne kwenye pembe zake nne. Wardancer ana ujuzi wa Leap, anaruka juu ya mraba. Anataka kutua ubavuni mwa mbebaji, kati ya pembe mbili, mahali panapokabwa na watu watatu. Leap inapunguza adhabu kwa moja, kwa hiyo anahitaji 4+. Nusu kwa nusu.

Akitua, bado wale wa pembe mbili wanamsaidia mbebaji, na utapiga kwa dadu mbili anazochagua yeye. Kwa hiyo kabla ya kuruka, peleka Lineman mmoja akaguse kila pembe ya karibu. Anayekabwa na mwingine hawezi kusaidia. Hao Lineman wawili watapigwa zamu ijayo. Ni bei. Sasa ni dadu moja, nguvu 3 kwa 3. Wardancer akiwa ameshajifunza Strip Ball, hata kumsukuma mbebaji kunadondosha mpira, ilimradi hana ujuzi wa Sure Hands (mikono imara). Mbebaji mwenye Block, unafaulu kwa nne kati ya sita. Jumla, bila marudio: theluthi moja.

Theluthi moja kwa gharama ya watu watatu walioguswa. Mimi naruka mara moja kwa kipindi, wakati ambapo nisiporuka goli ni lao. Zamu nyingine zote nasubiri ngome ilegee. Inalegea: mlinzi mmoja anashindwa dadu, anabaki nyuma, pembe moja inakuwa tupu, na hapo Wardancer anaingia kwa miguu.

Watu wakipungua

Ukibaki na saba dhidi ya kumi na moja, acha kulinda uwanja wote. Linda kona moja, mfanye achelewe, na hesabu zamu zake. Ikiwa zamu zake zilizobaki kwa mwendo wake hazimfikishi golini, kimbia tu. Ikiwa zinamfikisha na hutaweza kumzuia, mwachie njia afunge mapema, ili nawe upate zamu mbili za kujibu. Watu wenye kiburi hawalipendi hili. Lakini zamu mbili kwa timu yako ni goli, na kwake ni nusu ya safari.

Msimu mzima

Goli lina pointi 3 za uzoefu, mchezaji bora wa mechi 4, pasi iliyofika 1. Ujuzi wa kwanza wa kuchagua unagharimu 6. Kishawishi ni kumwachia Wardancer magoli yote. Mpe mawili ya kwanza apate Strip Ball, kisha wagawie Lineman. Lineman mwenye Dodge anapochomoka ana rudio lake, na ile namba 5 kwenye dadu ya kugonga haimwangushi tena. Wengine wape Wrestle (mieleka), na mmoja Side Step, anayechagua mwenyewe asukumiwe wapi, akae karibu na mstari wa kando ambako kila mtu anataka kumsukuma.

Majeruhi wa kudumu watakuja. Mchezaji aliyepungukiwa mwendo bado anaweza kusimama mstarini. Aliyepungukiwa deraya mwachishe kazi. Usikopeshe huruma kwa kizibo. Na ukianza mechi ukiwa na chini ya 11, kanuni inakujazia nafasi kwa wachezaji wa mechi moja, bure, wenye ujuzi wa Loner unaofanya marudio yasiwe ya uhakika kwao. Siku ya kwanza niliwaona kama aibu. Sasa ndio ninaowaweka wa kwanza mstari wa katikati, uso kwa uso na Troll wa fundi.